Mbaluka Alipokausha Mwili

Mbaluka ni fundi wa nguo. Naanza hapo kwa sababu hakuna mwingine anayeanza hapo. Hushona sare za shule kwenye veranda inayotazamana na kibanda changu cha chai hapa Mutomo, na mishono yake haifumuki. Lakini muulize mtu yeyote sokoni Mbaluka ni nani, ataukunja mkono wake mwenyewe, auvimbishe kadiri awezavyo, kisha acheke.

Ni mtunisha misuli wa mashindano. Alianza na mikebe ya rangi aliyoijaza simiti, akaiunganisha kwa chuma, nyuma ya nyumba yake. Mayai alinunua kwangu. Alikula ule ute mweupe tu, viini akaniachia, na katika mwaka wa njaa kama huu watu waliona hiyo ni dharau. Wengine walisema anadungwa dawa za ng'ombe. Akina mama wa kanisani walipoona picha yake kwenye simu, amesimama jukwaani na chupi tu, mwili unang'aa mafuta, walisema kijana aombewe. Waliomba, lakini simu yenyewe ilizunguka mikononi mwao kuliko maombi yalivyohitaji.

Jambo moja walikubaliana wote, wanaompenda na wanaomsengenya: kwamba ana nguvu. Lori likikwama, aitwe Mbaluka. Ng'ombe akitumbukia shimoni, yuko wapi Mbaluka? Jeneza likiwa zito, wanaume wazima wanageuza shingo kumtafuta. Naye hakujua kukataa.

"Mama Mutanu, nikisema nimechoka wanafikiria naringa," aliniambia siku moja.

Hakuna aliyewahi kumuuliza mashindano yenyewe yanakuwaje. Mimi nilimuuliza, maana mdomo wangu haujui kutulia. Akanieleza kwamba majaji hawapimi nguvu hata kidogo. Wanatazama. Kwa hiyo siku za mwisho kabla ya kupanda jukwaani mtu hupunguza chakula, kisha huacha maji, mwili ukauke, ngozi ishikane na nyama, kila msuli uonekane. Siku anayoonekana kama anaweza kung'oa mti na mizizi yake ndiyo siku ambayo nyanya yake angemwangusha. Nyumba njema si mlango, tunasema hivyo kila siku, halafu tunapita tukisifu mlango.

Wiki ninayosimulia alikuwa apande jukwaani Nairobi siku ya Jumamosi. Niliyaona kwa macho yangu. Midomo ilipasuka. Uzi ulimshinda kuingiza kwenye sindano. Akipanda vile vidaraja viwili vya veranda alishika ukuta. Nilimpelekea kikombe cha maji, akasukutua, akatema. Pasta aliyekuwa akinywa chai kwangu akamsifu mbele ya watu kwamba kijana huyo yuko kwenye maombi ya kufunga.

"Wewe utakufa na hii urembo yako," nilimwambia.

"Ni hadi Jumamosi tu, mama. Nikishuka stage nitamaliza tangi mzima."

Alhamisi, Kitonga, kijana wa hapa kwetu, alishuka mtoni kuchimba maji. Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na maji yako chini; kila jamii ina shimo lake. Mwaka huu maji yamezama mno, mashimo yamekuwa marefu kuliko mtu. Ukuta mmoja wa mchanga ukaporomoka, ukamfunika Kitonga mpaka kifuani. Kichwa na mikono vilikuwa huru. Alikuwa anaongea.

Walikuwapo wanaume wanne na kamba nzuri. Lakini Nyamai, ambaye ni mtu mzima na husikilizwa, alisema ukingo ni mlegevu, miguu mingi ikikanyaga pale utaporomoka wote. Anahitajika mtu mmoja mwenye nguvu.

"Mwite Mbaluka. Huyo peke yake anatosha."

Lilisikika kama neno la busara. Basi wakatuma pikipiki, wakaketi, wakangoja. Nilipofika nyuma ya pikipiki iliyomleta nilimsikia Kitonga kule chini akiuliza kama Mbaluka ameshafika, na sauti yake ilikuwa na matumaini. Hilo bado linaniuma.

Mbaluka alitazama shimo, akawaambia wazi, "Leo sina nguvu. Sijakunywa maji tangu jana. Tulale chini kwa tumbo, tuvute wote."

Nyamai akampiga begani. "Wacha mchezo, bwana. Si uone hiyo mkono!"

Wakamvua shati. Kusema kweli, sijawahi kumwona akipendeza namna ile. Mishipa imesimama mwili mzima, tumbo limegawanyika vipande. Mtu fulani akapiga makofi. Wenye akili zao walirudi nyuma kumpisha.

Alilala kifudifudi, akamtupia Kitonga kamba, akavuta. Kitonga aliinuka kidogo, tukashangilia. Kisha misuli ya miguu ya Mbaluka ikajikaza, akaanza kutetemeka, akaita wenzake waje. Walidhani anatafuta pumzi. Vidole vyake vikafunguka vyenyewe, na ukuta wa pili ukashuka.

Tulichimba kwa mikono, kwa mabeseni, kwa sufuria. Tulipomfikia Kitonga alikuwa amekwisha kufa.

Mbaluka alizimia pale pale, akatundikiwa maji hospitalini, na Jumamosi ikapita akiwa kitandani. Lakini lisemwalo lipo, na lililosemwa ni kwamba alikuwa akiwawekea majaji nguvu zake. Mazishini hakuna aliyempa koleo. Juu ya wanaume wanne walioketi na kamba, kimya. Nililisema kibandani kwangu, kwa sauti, na Nyamai aliacha chai yake nusu, hajarudi hadi leo. Asirudi.

Watu wote waseme wapendavyo, Mbaluka alitaka mtu mmoja tu amwamini: mamake Kitonga. Aliniomba nimsindikize.

Tulimkuta mama huyo uani akichagua ndengu. Hakutufukuza. Mbaluka alipiga magoti akamweleza yote, majaji, jukwaa, kukausha mwili.

"Mwaitu, sikukataa kumtoa. Nilishindwa."

Alimwita hivyo, 'mama yangu' kwa Kikamba. Mama Kitonga aliushika mkono wake, akaupapasa kutoka begani hadi kwenye kiwiko kama tunavyopapasa mbuzi sokoni. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama Mutanu, ni ukweli? Hakuwa na nguvu?"

"Ni ukweli, mama. Alikuwa hajakunywa maji." Nilidhani nimemsaidia.

"Maji ilikuwa imeisha kwake?"

Mbaluka alijibu mwenyewe, maana hajui kusema uongo.

"Hapana, mwaitu. Ilikuwa kwa mtungi, imejaa."

Mama aliuachilia ule mkono.

"Mtoto wangu amekufa akitafuta maji," alisema polepole. "Na wewe ulikuwa nayo, ukakataa kunywa."

Alikuwa amemwamini, kila neno. Mbaluka alibaki amepiga magoti, na mama akarudi kwenye ndengu zake.