Nani Anabaki na Mgonjwa

Nyumbani walimwita Mbishi tangu alipojua kusema "kwa nini", na jina likamganda mpaka akaingia nalo chuo kikuu. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, anasoma sosholojia, na kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandikia ripoti. Wenzake walichagua mada zisizomuudhi mtu: vijana na mitandao ya kijamii, maoni ya wanunuzi sokoni. Yeye alimpelekea msimamizi wake ukurasa mmoja. Mtu akilazwa, nani hubaki naye hospitalini? Na nani aliamua?

Mhadhiri aliusoma, akavua miwani.

"Hii ni mada ya utafiti au ugomvi wa kwenu?"

"Vyote viwili, mwalimu."

"Utafiti hauanzi na hasira, binti."

"Basi unaanza na nini? Usingizi?"

Lilimtoka kabla hajalimeza. Mhadhiri alimkazia macho, kisha akaidhinisha ile karatasi shingo upande.

Na kweli ugomvi ulikuwepo. Mama yao alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Kaka mkubwa, ofisa wa bima, akaitisha kikao cha familia kwenye simu, akaongea peke yake karibu muda wote, akakifunga. Uamuzi ukawa dada abaki na mama.

"Wewe kazi yako cherehani tu," alimwambia. "Haikimbii."

Cherehani haikukimbia, ni kweli. Ila mwenye duka la ushonaji alisubiri, akachoka, akamkalisha mtu mwingine kwenye kiti cha dada. Dada hakulalamika. Alikunja kanga yake, akaiweka chini ya kitanda cha mama, akalala hapo hapo sakafuni. Ukimya ule ndio uliomchoma Mbishi kuliko yote.

Hospitali ilipompa kibali, akaweka kambi kwenye benchi la korido, nje ya wodi ya wanawake, jirani na sinki la kufulia. Hakuanza na maswali. Alishika beseni, akakamua mashuka, akapisha machela. Wanawake wakamzoea, midomo ikafunguka. Mmoja alikuwa ameacha mtihani wa ualimu ili amuuguze baba mkwe wake wodi ya pili. Mwingine alikuwa anamuuguza mama wa mwanamume aliyekwisha kumwacha.

"Talaka alinipa," alisema, "lakini beseni hakuchukua."

Benchi zima likaangua kicheko mpaka muuguzi akatoa kichwa mlangoni kuwanyamazisha.

Saa za kuona wagonjwa wanaume waliingia na machungwa kwenye mifuko, wakasimama miguuni pa kitanda, wakauliza daktari anasemaje, wakatoka.

Isipokuwa mwashi mmoja. Huyu kila asubuhi alikuja na saruji kwenye kucha, anataka kumwogesha mkewe, na kila asubuhi wauguzi walimrudisha mlangoni kwa sababu ile ni wodi ya wanawake.

"Wananiambia nimlete dada yangu," alimwambia Mbishi. "Dada yangu ndiye aliyemuoa?"

Mbishi alikereka naye. Hoja yake alikuwa ameshaijenga ikasimama, wanaume huku, wanawake kule, na sasa huyu bwana anakuja kuitoboa. Alijaribu kumwacha nje ya ripoti. Roho ikamsuta. Akamwingiza, na ikambidi aandike upya nusu ya kazi yake, maana kumbe waliopanga nani ainame kitandani hawakuwa kina kaka peke yao. Hospitali nayo ilikuwa na mkono wake.

Wa mwisho kumhoji alikuwa mama.

"Mama, nani aliamua dada ndiye akuuguze?"

"Kaka yenu, nani mwingine?"

"Wewe ungemchagua nani?"

Mama akavuta shuka. "Wamekuja madaktari hapa, wamekuja mashemeji, wamekuja wa kuniombea. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo. Ningemchagua huyo huyo kaka yako. Ana nguvu za kuninyanyua, na nyumba yake haina ngazi. Dada yako mgongo wake unamsumbua, anajificha nisimwone. Liandike hivyo hivyo, usinipambie."

Shangazi yao alikuwa kitanda cha jirani, amekuja kumwona mgonjwa wake mwingine, na maneno yote aliyasikia akayapeleka kwa kaka. Kufika jioni, kaka alikuwa keshapiga simu.

"Unatuanika!"

"Sijaandika jina la mtu, kaka."

"Watu watajua ni sisi!"

"Watajuaje, kama mambo hayo hatuyafanyi?"

Simu ikakatwa.

Msimamizi naye akaja na lake: sura yenye mahojiano ya mama iondolewe, mtafiti hajiingizi mwenyewe kwenye utafiti.

"Nikiitoa, msomaji atadhani nimeshushwa na mvua," Mbishi akajibu. "Ajue nimetoka nyumba gani."

"Utapoteza alama."

"Nitazipoteza, mwalimu."

Siku ya kutetea ripoti dada alikuja, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Kwenye jopo, mhadhiri mmoja aliyevaa tai alifunua kurasa kwa ncha ya kalamu.

"Wewe umeegemea upande."

"Ndiyo, na nimesema upande gani kwenye ukurasa wa kwanza. Nimesoma vitabu vingi vya maktaba yetu kuhusu wagonjwa na familia zao. Anayemwaga beseni hayumo. Hao waliegemea upande gani, na wamesema wapi?"

Mwenye tai akafunua ukurasa uliofuata. Hakuna aliyempigia makofi. Alama zilipotoka zilikuwa za kufaulu tu, za katikati, chini ya yule wa mitandao ya kijamii. Msimamizi alimwambia akirekebisha ile sura anaweza kupandishwa. Mbishi akasaini kupokea alama zake kama zilivyo, akashukuru, akatoka.

Wiki hiyo madaktari wakasema mama atatoka hospitali Jumamosi. Kaka akaitisha kikao kingine kwenye simu.

"Dada atahamia kwa mama mpaka—"

"Hapana," dada akasema.

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kwenye kinywa chake.

"Jumatatu naanza kazi duka jingine," akaendelea. "Na mama ameshasema anataka kwenda wapi. Muulizeni mwenyewe, yuko hapa."

Mama akaomba simu. "Nakuja kwako, mwanangu," akasema. "Tandika."

Kaka aling'aka, akataja kazi, akataja mke wake. Mama akangoja amalize. "Sijasema mke wako aniogeshe," akamwambia. "Nimesema wewe uninyanyue."

Jumamosi akaja na gari, uso umemvimba. Aliinama kitandani, akamshika mama kwapani, mama akaguna kwa maumivu.

"Sio hapo," Mbishi akasema. "Pitisha mkono mgongoni. Piga goti."

"Najua!"

"Hujui, kaka. Piga goti."

Akamtazama mdogo wake kwa hasira, wodi nzima inawaangalia, na suruali yake ya kazini imepigwa pasi. Akapiga goti.