Sikusikia Kitu

Mwaka wa tisini na nne, kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi Thika kilitusimamisha. Nikatia nguo mbili kwenye begi la mgongoni, nikamwambia mama naenda Malindi kutembea. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na bahari nilikuwa sijawahi kuiona.

Nilipata kazi ya kufua mashuka kwenye gesti ya Bi Mwanarusi. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko nilienda ufuoni peke yangu, nikasimama mpaka maji yakafika magotini. Niliporudi, Bi Mwanarusi akaniuliza, "Haya Nekesa, umeionaje bahari?"

"Sikusikia kitu," nikamjibu. Kwetu Kiuu, kijijini huko bara, mtu akisema hivyo ana maana moyo haukushtuka.

Yeye akacheka mpaka akaegemea mlango. "Mawimbi yote yale, mwanangu? Basi huko bara mmezibwa masikio!"

Sikumsahihisha. Nilikaa miaka miwili, nikazunguka na lile begi hadi Watamu na Gede. Kila nikirudi aliniuliza tena kwa mzaha, nami nikamjibu vilevile. Na ilikuwa kweli.

Kisha kiwanda kikaita watu, nikarudi kwenye mashine za kufuma, na niko hapo hadi leo. Mama aliuliza kama pwani ni kuzuri. Nikasema ni sawa tu.

Jumanne iliyopita, mchana, stima ilipotea kiwandani, taa zikazimika. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja. Na mimi, uzi ukiwa bado mkononi, nikaisikia bahari.