Wiki Saba za Kumficha Hyewon

Simu ya hospitali ililia saa mbili na nusu asubuhi. Malsun alikuwa akifunga kitambaa cha shingo ili aende kumpokea mwenzake zamu ya kumuuguza mama. Nesi alisema kwa upole kwamba mama yake, Shemasi Bokrye, amepumzika.

Malsun akakaa sakafuni. Jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, halikuwa mama. Lilikuwa Hyewon, mdogo wake, aliyekuwa Seoul akisubiri kuingia kwenye mtihani saa nne.

Hyewon alikuwa amemaliza miaka miwili katika chuo kikuu cha huku Jeongeup, na kila mwezi wa kwanza vyuo vikubwa vya Seoul huwapima watu kama yeye wanaotaka kuhamia mwaka wa tatu. Nafasi ni chache mno. Mama, aliyepika keki za mchele sokoni kwa miaka thelathini, aliitaka nafasi hiyo kuliko Hyewon mwenyewe. Wiki saba kabla, madaktari walipoikuta saratani mwilini mwake, alimwapisha Malsun: mtahiniwa haambiwi habari mbaya. Kila nyumba ya huku hufanya hivyo.

Siku yake ya kuzaliwa mama alikataa hata supu ya mwani, ambayo huku kila mtu hunywa siku hiyo, ati inateleza, mtoto atateleza kwenye mtihani.

"Shemasi mzima unaogopa supu?" Malsun alimtania.

"Mungu namwamini. Supu siiamini. Iondoe hapo."

Basi Malsun hakupiga simu. Alisubiri mpaka saa saba, mtihani ulipokwisha, ndipo akapiga.

"Dada! Sarufi ilikuwa nyepesi, yaani nimecheka peke yangu! Mama yuko karibu? Nipe nimringie."

Malsun akamwambia. Kisha akamwambia na zile wiki saba.

"Jumapili uliniambia yuko kwenye maombi," Hyewon alisema.

"Tulikuwa tunaomba kweli."

"Usinichezee, dada."

Alifika jioni. Mbele ya picha ya mama aliinama kuomba, hakulia. Chuo alichokitamani hasa kilikuwa kinafanya mtihani wake siku ya tatu, siku ya mazishi. Malsun alimfuata jikoni mwa ukumbi wa msiba.

"Nenda, Hyewon. Ndicho alichokufa akikitaka. Treni ya alfajiri ipo."

"Umemsikia akisema?"

"Mpaka siku za mwisho."

"Una bahati. Mimi sikusikia chochote." Akapangusa bakuli lile lile mara mbili. "Mmeamua wiki saba bila mimi. Hili naamua mimi. Siendi."

"Mwaka mzima wa kusoma, mtoto wewe!"

"Najua kuhesabu, dada."

Malsun alichukua kitambaa, wakapangusa mabakuli pamoja mpaka yakaisha.

Siku ya tatu theluji ilikuwa nyepesi. Waumini sita walibeba jeneza hadi makaburi ya kanisa mlimani, Hyewon akitangulia na picha ya mama. Mchungaji alisoma Zaburi ya ishirini na tatu. Saa nne, wakati mlango wa mtihani ulipofungwa kule Seoul, jeneza lilishushwa. Hyewon alitupa udongo kwanza, akampa dada yake koleo. Malsun akatupa wake. Waliimba beti mbili tu za wimbo kwa sababu ya baridi, mchungaji akaomba, na watu wakateremka kwenda kula.