Saa za Ndege Toka Saiprasi hadi Malta

Mwaka wa sitini na sita, miaka miwili tangu tukimbie Unguja na kuhamia Maskati, nilipata nafasi ya kusomea uuguzi Malta. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Saiprasi. Baba tulishamzika, kwa hiyo ruhusa ya kusafiri ilikuwa mkononi mwa Ami, mdogo wake baba. Bila ya barua yake hakuna ofisi ambayo ingenisikiliza.

Ami hakukataa waziwazi. Alitaka kwanza ajue kama kaka angeweza kunifikia upesi nikipatwa na jambo. Nikamwandikia kaka, naye akajibu kwamba safari hiyo ya ndege alishaifanya mwenyewe: aliondoka saa mbili asubuhi, akafika 11.30.

Ami akahesabu kwa vidole, kikombe cha kahawa kikimngoja. "Saa mbili mpaka kumi na moja u nusu. Saa tisa u nusu hizo! Ukiumwa si atakukuta ushazikwa?"

Damu ilinichemka. Kaka aliandika kuondoka kwa saa zetu, kufika akakunakili kutoka kwenye tiketi, kwa saa za kizungu. Ami alifanya kazi forodhani Unguja miaka chungu nzima, akizigeuza saa hizo kila siku ya Mungu, na leo ati kasahau!

"Kumi na moja u nusu ya kizungu ni saa tano u nusu yetu, Ami. Safari nzima saa tatu u nusu."

"Na masafa?"

Nikaleta atlasi yangu ya shule, nikafungua ramani ya dunia. Nikakata uzi wa kushonea kofia, urefu wa kutoka Saiprasi hadi Malta, nikaulaza kwenye kipimo cha pembeni. Maili elfu moja na kidogo.

"Maili elfu ni nyingi, mwanangu."

Hapo adabu ilinitoka, na mpaka leo sijaijutia. Nikaushika uzi uleule nikapima toka Unguja kuja Maskati. Nikaulaza mara mbili, bado haukufika.

"Na hizi je? Siku ile ulipima? Uliuliza nani atakufikia?"

"We mtoto!" akasema mama, lakini hakuinuka kunizuia.

Ami akaweka kidole juu ya Unguja kwenye ramani. Mama yake, bibi yetu, alikataa kuondoka Unguja, tukamwacha. Habari ya kifo chake ilitufika matanga yameshaondolewa.

"Sikupima," akasema. "Lau ningalipima, nisingalimwacha."

Akaomba kalamu. Nilimwonea huruma, lakini radhi sikumwomba. Nilisimama mbele yake mpaka alipotia saini, nikaichukua barua wino haujakauka.