Tulimlilia Shemeji Akiwa Hai, Bima Ikaamini

Siku tuliyomlilia shemeji yangu Faraji, marehemu mwenyewe alikuwa mkekani anakula ubwabwa wa msiba wake.

Usicheke. Ilitokea kwetu Kabuku, na aliyepika ubwabwa huo ni mimi, Mwaija.

Kadi yetu ya bima ya afya inachukua watu sita. Nyumbani tuko saba: mimi, mume wangu Mdoe, watoto watatu, mama mkwe Bi Maryamu, na huyo Faraji, mdogo wake Mdoe.

Faraji ni wa gongo asubuhi, gongo jioni. Ini limechoka, tumbo linajaa maji. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akishinda hospitali, Mdoe akampa nafasi ya sita. Mama mwenye presha akaachwa nje.

Mama akaanguka jikoni, mdomo ukapinda. Tukauza mbuzi wake wote ndipo akatibiwa.

Wiki hiyohiyo Faraji akatoka hospitali na mfuko wa dawa za bima, akapitia kilabuni. Dawa akazisahau hukohuko.

Nikasema huyu lazima nimkomeshe.

Nikampigia Nicolaus, Mnyamwezi wa kambi za mkonge kule Korogwe. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua. Mtani akikusema vibaya, hata msibani, huruhusiwi kununa.

"Njoo umzike Faraji," nikamwambia.

"Kha! Amekufa?"

"Bado. Ndiyo maana nakuita."

Akaja na mkeka wake, analia kuanzia barabarani. "Faraji weee! Gongo umemwachia nani?"

Majirani wakajaa. Nicolaus akasimama kutoa wasifu wa marehemu.

"Hakuacha mke, hakuacha shamba. Hata ini kaondoka nalo, maana hakuna aliyetaka kulirithi!"

Watu hoi. Faraji naye alicheka mwanzoni, kisha akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Roho yangu kwatu!

Sasa sikia. Katikati ya vicheko akaingia Yusra, binti mgeni hapa Kabuku anayeandikisha watu wa bima. Kuona mkeka na sufuria, akavaa huzuni. Faraji mwenyewe ndiye aliyempisha mkekani, akaondoka zake kwenda kunywa.

"Poleni sana, dada. Nimesikia ni Faraji. Alikuwemo kwenye kadi?"

Nikafikiria kidogo.

"Alikuwemo."

"Basi nimtoe?"

"Mtoe. Muweke mama mkwe. Tena mwandike yeye ndiye mkuu wa kaya, mume wangu asije akambadilisha."

Sikusema uongo hata mmoja. Kwani hakuwemo?

Haikupita muda, Faraji akawa wa njano macho yote. Akaenda hospitali, akarudi anatweta.

"Shemeji, wananiambia nimekufa!"

"Pole, marehemu. Ulikunywa mwenyewe, jitibie mwenyewe."

Nikaendelea kuosha vyombo vyangu. Nilitaka aumie kama mama alivyoumia.

Mama mkwe alikuwa kajilaza ndani, kasikia yote. Akachukua fimbo yake, akajikokota mpaka kwa Yusra.

Aliporudi, Faraji alikuwa amefufuka kwenye bima. Nikajua mama kajitoa yeye.

"Mama, kwa nini umempa nafasi yako? Presha yako je?"

"Nafasi yangu ninayo."

"Sasa aliyetolewa nani?"

"Wewe."

"Mimi, mama? Mimi niliyekupigania?"

"Wewe mzima, mwanangu. Una ugonjwa mmoja tu wa kisasi, na huo hospitali hawana dawa yake. Mimi ndiye mkuu wa kaya, si ndivyo ulivyoniandika?"

Faraji katibiwa, na bado anakunywa. Mimi jino linanivimbisha shavu wakati naandika haya, na nitaling'oa kwa hela yangu.

Sijamsamehe, na bado nasema si haki. Ila nimejifunza: ukitaka kumkomesha mlevi, uliza kwanza kama ana mama.