Maziko ya Kwenye Simu

Basi letu la Arusha lilisimama Chalinze. Kijana niliyekaa naye akailegeza sauti, akalirekodia kundi la rafiki zake ujumbe kwenye simu: "Jamani, ningekuwa karibu ningemzika mwenzetu kwa mikono yangu. Ila niko mbali, safarini."

Mama muuza korosho akachungulia dirishani. "We si mtoto wa Miono? Rafiki yako anazikwa huko leo alasiri. Gari la msibani lile pale, shuka, mwanangu."

"Shikamoo, mama," akajibu, akavuta pazia.

"Marahaba," mama aliliambia pazia.

Basi likaondoka. Simu ikalia: wenzake wanamwombea safari njema. Akatabasamu.

Mimi siku yangu ikifika, Mungu anijalie marafiki wasio na bando. Jeneza halibebwi kwa kidole gumba.