Kitambaa cha Ndanu Juu ya Kompyuta

Mwaka ule wa tisini na tisa, kazi ya Ndanu ilikuwa kuota ndoto macho wazi, na mshahara analipwa. Alikuwa anachunga kompyuta ya pekee yenye intaneti kwenye duka moja la Thika, huku akifuma vitambaa vya viti. Mdosi wake, mwenye duka, alikuwa amepata programu ya bure ya kufungulia intaneti. Hiyo bure yenyewe ilikuja na utepe wa matangazo juu ya skrini, hautoki hata ufanye nini.

Ndanu aliupenda. Siku moja alisoma habari za theluji, na wiki nzima utepe ukamletea milima myeupe, meli, makoti mazito. Aliamini, jamani, kuna mtu huko mbali anayemfikiria. Harufu ya mananasi ya mashamba ya jirani inaingia mlangoni, yeye yuko zake kwenye barafu.

Ndipo akaja Fatu, mke wa Waleed, aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Mama mkwe alikuwa amemtuma aangalie kama barua pepe ya Sumeya, binti yake aliye ng'ambo, imefika. Fatu akasoma kwanza kurasa za dawa za uzazi, machozi yakimtoka.

"Ndanu, dada yangu, nyumbani wasijue. Watamwambia Waleed aoe mwingine." Akatoka nyuma kwenye mfereji wa maji kunawa uso.

Mara Mama Waleed mwenyewe huyo mlangoni. "Fatu yuko wapi? Barua imefika?"

"Ametoka kidogo, mama. Keti nikusomee."

Ndanu akageukia skrini. Wui! Utepe umejaa watoto wachanga wanacheka. Kumbe hakuna aliyekuwa akimfikiria. Wenye matangazo walikuwa wanachungulia tu mtu anasoma nini, na sasa wanamtangaza Fatu. Theluji yote ikamyeyukia moyoni.

Akakitandaza kitambaa alichokuwa akifuma juu ya kompyuta, kikaning'inia mpaka kikafunika utepe. Nyumba ngapi Thika hufunika televisheni hivyo? Akaifungua barua ya Sumeya, akaisoma kwa sauti.

Mama Waleed alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kama mama yeyote anayependa kazi ya mkono, akainua ncha ya kitambaa aone kilivyofumwa. Akawaona watoto, na chupa za dawa za uzazi kando yao. Akatazama mlango wa nyuma, kule maji ya mfereji yalikosikika.

Akakirudisha, akakinyoosha kwa kiganja.

"Kisitoke hapo, mwanangu," akasema, akiinuka. "Na Fatu akirudi, mimi leo hukuniona."